Mtoto Mmoja wa Karanga

Sogeeni, vuteni viti. Nina shauri lililonishinda, na walionipa nao liliwashinda, ndiyo maana nimelileta mbele yenu. Ninachoomba ni kimoja tu: msichague upande mpaka nimalize. Waliochagua mapema wote niliwaona wakihama.

Mbeya, mtaa wa Forest, kulikuwa na nyumba yenye watu wanne, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Mama wa nyumba aliitwa Sekela, ingawa mtaani walimwita Mama Tumpe. Kipaji chake kilikuwa jicho. Alikuwa akimtazama mbwa, hata asiyemjua, anakwambia huyu ana hasira, huyu ana woga, huyu anakudanganya tu. Kwa jicho hilo alipata kazi. Watu waliosafiri walimletea mbwa wao, naye aliwalaza nyumbani kwake, akawalisha na kuwafundisha adabu mpaka wenyewe warudi.

Mumewe, Gwamaka, alikuwa fundi umeme wa kibarua katika kiwanda cha chai. Kipaji chake kilikuwa kutokukata tamaa. Skrubu ikimdondoka kwenye majani, hatoki hapo mpaka aipate, hata chai ipoe, hata mvua inyeshe.

Mama yake Gwamaka, Bibi Tusekile, alikuwa amekuja kutoka Rungwe kuwasaidia kazi za nyumba. Yeye alijaliwa utulivu. Alikuwa akikaa kibarazani kuchambua maharage, anatulia hivyo mpaka kuku wanamsahau na kupita juu ya miguu yake. Lakini mbwa aliwaogopa sana. Alipokuwa msichana mbwa alimng'ata mguuni, na kovu alikuwa nalo bado.

Wa nne ni Tumpe, binti yao, darasa la sita. Yeye alikuwa na mkono mwepesi. Angeweza kukutoa mwiba ukiwa usingizini, ukaamka ukautafuta.

Sasa hiyo nyumba asubuhi, msiniulize. Jikoni sufuria mbili, moja ya uji wa watu na nyingine ya ugali wa dona na dagaa kwa mbwa, na kuna siku zilibadilishana. Tumpe anatafuta soksi, soksi iko mdomoni mwa mbwa wa mwalimu mkuu. Gwamaka anatafuta ufunguo wa pikipiki. Bibi yuko juu ya kochi, miguu kaipandisha, anauliza kwa sauti ya upole kama kuna mtu anayeweza kumwondoa huyo mnyama mlangoni ili aende msalani. Na Sekela katikati, mkono mmoja unasuka nywele za mtoto, mwingine umeshika kamba ya mbwa anayefundishwa kukaa.

Siku moja likaja gari dogo la mizigo, akashuka mzee mwenye kofia, anapapasa ukuta kabla ya kupiga hatua. Jina lake Mzee Anyosisye, wa Uyole.

"Shikamoo, Mzee," Sekela akasema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mgonjwa."

Nyuma ya gari, ndani ya kreti la mbao, alikuwamo mbwa jike mwenye rangi ya karanga zilizokaangwa. Jina lake lilikuwa hilohilo, Karanga. Alijibana kwenye kona, meno nje.

"Alikuwa mbwa wa mke wangu," mzee akasema. "Tangu tumzike, huyu hagusiki. Chakula namwekea, nikiondoka ndipo anakula. Amemng'ata jirani. Mimi mwenyewe amening'ata." Akainua kiganja chenye bandeji. "Nakwenda Dar es Salaam kupasuliwa macho. Daktari ameshaniambia nisitarajie kuona kama zamani. Sasa niambie, mtu asiyeona vizuri ataishije na mbwa asiyetaka kuguswa? Siku moja nitamkanyaga, naye atanirarua."

"Unataka nimfundishe nini?"

"Akubali mkono wa mtu. Hicho tu."

"Na nikishindwa?"

"Nimekwisha kuongea na daktari wa mifugo. Nikirudi nimkute hivi, atamchoma sindano ya kumlaza moja kwa moja. Mke wangu alimlea tangu hajafumbua macho. Sitaki, mwanangu. Lakini sioni njia nyingine."

Sekela akamtazama Karanga kwa muda mrefu, halafu akasema, "Mwache."

Jioni Gwamaka akiwa mezani, akaweka kikombe chini. "Mama Tumpe, mbwa tunao wengine ndani. Mtoto ana mitihani. Mama magoti yanamsumbua. Mimi nina usaili wa kuajiriwa moja kwa moja pale kiwandani. Huyu naye umempangia nafasi gani?"

"Wale wengine nitawarudisha. Huyu hawezi kukaa na wenzake."

"Utawarudisha? Ndio wanaotulisha!"

"Baba Tumpe, huyu hana hasira. Huyu amefiwa."

Gwamaka akachukua tena kikombe chake. Alimjua mkewe. Akisema neno kwa sauti ile, hakuna wa kumrudisha nyuma.

Basi Sekela akaanza. Kila alfajiri, kabla nyumba haijaamka, alikwenda na bakuli kwenye banda alimowekwa Karanga, akaketi chini akimpa Karanga mgongo. Alirusha kipande cha nyama mbali, siku iliyofuata karibu kidogo, halafu karibu zaidi, wala hakugeuka. Alimfundisha kuja akiitwa, kukaa akiambiwa, kungoja mbele ya geti mpaka aambiwe twende. Alikosa wateja, na baadhi yao hawakurudi tena. Alikosa usingizi, akasinzia kanisani mpaka Tumpe akamfinya. Jirani akamuuliza, "Mama Tumpe, mbwa mmoja ndiyo anakukondesha hivyo?" Akacheka tu. Karanga akawa mbwa anayesikia. Lakini mkono ukinyooshwa, meno yaleyale. Siku moja Sekela alilia, amejifungia chooni watu wa nyumbani wasimwone.

Kwa vile Karanga alikuwa amejifunza kukaa akiambiwa, Sekela alianza kumwachia uani mchana. Bibi Tusekile alikuwa kibarazani na ungo wake. Alipomwona mbwa yule amefunguliwa, mwili ulimganda. Akikimbia atakimbizwa, akipiga kelele atamuudhi. Akaamua kujifanya hayupo. Hakumtazama, hakumwita, wala hakusogeza mguu. Alichambua maharage tu na kuimba kwa chini wimbo wa tenzi.

Kumbe ndicho Karanga alichokuwa akikitafuta: mtu asiyetaka chochote kwake. Akasogea mpaka ngazi ya kibaraza. Kesho yake akapanda. Kisha akaja kulala, kidevu juu ya miguu ya bibi, palepale penye kovu.

Sekela alichungulia dirishani, akaziba mdomo kwa kanga. "Mama," akanong'ona, "usiogope. Nije nimtoe?"

"Ukija nitazimia," bibi akajibu bila kufungua meno. "Kaa hukohuko."

Bibi alikuwa na mbegu zinazosubiri kupandwa kwake Rungwe. Watu walimpigia simu kumwuliza anarudi lini, akawa anasema wiki ijayo. Kila siku alikaa pale, moyo unamdunda, na mbwa miguuni. Halafu alasiri moja, bila kufundishwa na mtu, akaweka ungo pembeni na kushusha mkono wake uliokuwa unatetemeka, akauweka juu ya kichwa cha Karanga. Karanga alishtuka, akatetemeka naye. Wakatetemeka wote wawili. Lakini meno hayakutoka.

"Ndaga," bibi akamwambia kwa Kinyakyusa, kama anamshukuru mgeni aliyemletea zawadi. "Ndaga, mwanangu."

Nyumba ikafurahi, wakawa hawamfungi tena Karanga bandani, na furaha hiyo ikawaponza.

Asubuhi ya usaili, Gwamaka alikuwa amevaa shati jeupe na tai ya kuazima. Mvua inanyesha. Tumpe kachelewa shule, Sekela anamtafutia baba mtu vyeti vyake, bibi anaita kwamba uji unamwagika. Gwamaka akatoa pikipiki, akasukuma geti kwa mguu na hakutia komeo. Akampeleka mtoto shule. Aliporudi kuchukua vyeti, geti lilikuwa wazi, na uani hapakuwa na mbwa.

"Nenda kwenye usaili," Sekela akamwambia, na huku anavaa mabuti. "Nitamtafuta mimi."

"Geti nimeliacha mimi," Gwamaka akasema. Akaweka vyeti juu ya meza, akatoka na ile tai yake shingoni.

Alizunguka mashamba ya mahindi. Akauliza kwa wauza mkaa, kwa wafua nguo, kwa watoto wa shule. Wengine walimcheka: mtu mzima na tai, anatafuta mbwa kwenye matope. Saa ya usaili ilifika, ikapita. Mchana ukapita. Mvua ilizidi, akaambiwa na mama mmoja muuza ndizi kwamba amesikia mnyama analia chini ya barabara, kwenye kalavati. Gwamaka akapiga magoti, akachungulia ndani ya lile bomba la zege. Karanga alikuwamo, maji yanapanda, na alikuwa anazaa.

Hapo ndipo walipojua kwamba alikuja na mimba. Manyoya yalikuwa mengi, na tumbo halikuwa limewahi kuguswa na mtu.

Gwamaka akaingia kwa tumbo. Karanga akamng'ata mkono, hakurudi nyuma. Akamng'ata tena. Gwamaka akamfunika na koti lake la mvua, akamvuta pamoja na vitoto vitatu, akatoka nje damu inamchuruzika hadi kwenye vidole. Mama muuza ndizi alisimulia baadaye kwamba yule baba alikuwa analia, na huku anamwambia mbwa, "Nisamehe, mama. Nisamehe."

Nafasi ya kiwandani alipewa mwingine.

Vitoto viwili vilikuwa vimekwisha kufa kwa baridi. Kimoja kilikuwa kinapumua kwa shida. Daktari wa mifugo alikuja, akamhimiza Gwamaka akachomwe sindano hospitali, akamtibu Karanga, kisha akatikisa kichwa. "Mama hana maziwa. Na huyu mdogo asipolishwa kila baada ya muda mfupi, hafiki kesho kutwa. Lakini nani atamchukua kwa mama yake? Mtazameni."

Karanga alikuwa amerudi kwenye ukali wake wa mwanzo, na kuupita. Alijikunja kumzunguka mtoto wake, akamngurumia kila mtu. Sekela alijaribu, akashindwa. Bibi alisogea na kiti chake, Karanga akamfokea hata yeye. Kazi yote ya Sekela na ya bibi ilikuwa imesombwa na maji ya kalavati.

Tumpe alikuwa nahodha wa timu ya netiboli ya shule, na timu ilikuwa inakwenda Iringa kwenye mashindano. Mwaka mzima alikuwa analizungumzia hilo tu. Aliporudi kutoka shule na kumwona Karanga, akatandika mkeka bandani.

"Na Iringa?" Sekela akamuuliza.

"Wataenda na Lugano badala yangu," Tumpe akasema, akageuzia uso ukutani.

Alichukua bomba la sindano ambalo sindano yake imetolewa, akalijaza maziwa ya uvuguvugu. Akaufungua mkono wake mbele ya pua ya Karanga, akauacha hapo. Akaongea naye. Alipoona masikio yamelegea, akamchukua mtoto kwa ule mkono wake mwepesi, akamlisha palepale mama akiona, tone kwa tone, kisha akamrudisha. Akamchukua tena, akamrudisha tena. Kila mara alimrudisha. Wazazi walipokezana kukaa naye, lakini mkono ulikuwa wake. Ikafika siku Karanga mwenyewe akamsukuma mtoto kwa pua kuelekea kwa Tumpe, kana kwamba anasema, chukua, zamu yako. Toka siku hiyo hakumfokea tena mtu yeyote wa nyumba ile.

Mzee Anyosisye alirudi mtoto wa Karanga akiwa ameanza kutembea na kula ugali laini. Jicho moja la mzee liliona ukungu, jingine halikuona kitu. Alisimama uani na fimbo yake.

"Nimekwisha kumpigia simu daktari," akasema. "Yuko tayari. Niambieni ukweli, nimwite au nisimwite?"

Sekela akamfungua Karanga, akasema tu, "Nyoosha mkono, Mzee."

Mzee akanyoosha mkono hewani, mahali pasipo na mbwa, maana hakuona. Karanga akasimama mbali, akamtazama. Gwamaka alishika ukuta. Bibi alifumba macho. Kisha Karanga akatembea taratibu, akaingiza kichwa chake chini ya kile kiganja mwenyewe.

Mzee alichuchumaa, akampapasa masikio, shingo, mgongo, kama mtu anayesoma kwa vidole. Kofia ilianguka, hakuiokota. Mwishowe akasema, "Nami nilikuwa karibu kuja na sindano."

Walipompa chai, akaomba asimuliwe yote. Akasimuliwa kama nilivyowasimulia nyinyi. Mtoto wa Karanga alikuwa kwenye kikapu katikati yao, amelala.

"Naweza kuondoka na wote wawili," mzee akasema. "Lakini siwezi kuondoka bila shukrani. Huyu mdogo nampa aliyemrudisha Karanga kwa watu."

"Tumemrudisha sote," Gwamaka akasema.

"Sikusema nyumba. Nilisema mtu. Nimeona mimi kilichompata Karanga: mbwa anamsubiri mtu mmoja. Nataka kumjua huyo mmoja ni nani, nimkabidhi mkononi."

Wakatazamana. Na hapo ndipo ikajulikana kwamba kila mmoja alikuwa amemtamani mtoto yule, na kila mmoja kwa njia yake.

Sekela alimtaka awe wake wa kazi. "Mbwa mwoga akija hapa, anahitaji mwenzake mtulivu wa kumwonyesha njia. Mimi sijawahi kuwa naye. Na bila ile kazi ya alfajiri, Karanga asingefunguliwa bandani, wala mama asingemgusa."

"Ni kweli," bibi akasema, "lakini wewe ulikuwa kazini, mwanangu, na kazi ina ujira wake. Mimi nani aliniajiri kuogopa?" Kisha akashusha sauti. "Nakwenda Rungwe kwenye nyumba yenye mtu mmoja. Mkono wa kwanza kumgusa ulikuwa wangu. Nilidhani nitakufa nikiwa naogopa mbwa. Sasa sitaki kurudi kule bila mmoja miguuni."

"Bibi, wewe ulikaa tu," Tumpe akasema, akatazamwa vibaya na mama yake, lakini akaendelea, machozi yanamlengalenga. "Mimi kila mbwa nikimpenda, mwenyewe anakuja kumchukua. Kila mmoja. Wanaondoka hata hawageuki. Huyu nimemlisha mimi. Asingekuwa hai. Na Karanga alikuwa amekwisha kuharibika tena, mimi ndiye niliyemrudisha wa mwisho. Nataka mmoja asiyeondoka."

Wakamgeukia Gwamaka, ambaye kovu la mkono wake lilikuwa bado jekundu.

"Mimi nikipewa," akasema, "namrudisha kikapuni aende na mama yake. Karanga amekwisha kufiwa mara moja, na vitoto viwili vimemfia kwenye maji. Nani kati yetu anataka kumnyang'anya na huyu? Na nyumba hii ipumzike. Mke wangu alale mpaka jua litoke, tule uji bila manyoya. Nimepoteza kazi kwa ajili ya mbwa huyu. Hicho tu ndicho ninachoomba."

"Kazi uliipoteza kwa ajili ya geti," Sekela akamjibu, si kwa ukali.

"Ndiyo. Na geti nilililipia." Akautazama mkono wake. "Kama ningekwenda kwenye usaili, leo tungekuwa tunagombania nini?"

Kila neno lilikuwa la kweli. Nje, dereva wa mzee akapiga honi. Mzee akasimama, akakibeba kikapu, akageuza uso huku na huku kwa lile jicho lake la ukungu. "Basi," akasema, "mikono iko mingapi? Niweke wapi?"

Mtoto akaamka, akalia. Wote wanne wakainuka kwa pamoja.

Mimi hapo ndipo nilipoachiwa, na hapo ndipo ninapowaachia. Yuko aliyefungua njia, yuko aliyegusa wa kwanza, yuko aliyemtoa kwenye maji alimomwingiza mwenyewe kwa uzembe wa asubuhi moja, na yuko aliyemlisha mtoto mpaka akapona. Mwondoe yeyote kati yao, daktari angekwisha kufika na sindano yake. Mzee bado amesimama na kikapu, na dereva anapiga honi tena. Wewe uliyeketi hapo, na wewe uliyenyamaza kule nyuma, semeni: kikapu hiki kiwekwe mikononi mwa nani?